Dumu Moja Kwenye Buti

Newala, jioni

Mwanangu Tumaini,

Mmetoka kwenda kuaga majirani, wewe na mwenzio na mtoto mgongoni, na ninajua mtachelewa. Hapa kwetu mtu haagi akaondoka. Anakalishwa, analetewa ming'oko, viazi vyetu vya porini, kwenye sahani, anaulizwa habari zile zile alizoulizwa jana. Kwa hiyo nimepata nafasi. Nimetoa kigoda nje, nimekaa ninalitazama gari lenu lililosimama hapo uani, na nimeona nikuandikie, kwa sababu kesho asubuhi hata nikijikaza vipi nitaishia kusema "haya, safari njema", kisha nitakimbilia jikoni kujisingizia moshi machoni.

Sitakuandikia habari za kumfunika mtoto kifua wala za kumchemshia maji. Wewe ni muuguzi, hayo umewafundisha kina mama wengi, na nikianza kukufundisha utanicheka. Namna ya kuishi na mume nayo siiandiki. Baba Rehema ni mpole kuliko alivyokuwa baba yako, Mungu amrehemu, na ni mpole kuliko mimi mara kumi, kwa hiyo nikisikia kelele huko nitajua nani wa kuulizwa kwanza.

Ninataka kukuandikia habari za hili gari. Najua utasema mama kazeeka sasa, mwanawe anahamia Songea na yeye anakaa kuandika habari za gari. Nivumilie. Wiki hizi tulizohangaika kulitafuta nilikaribia kufanya kosa ambalo lingeninyima mjukuu, na wewe ndiye uliyenizuia, tena bila kunipandishia sauti. Tangu siku ile sijaacha kustaajabu. Ninaamka, ninachungulia dirishani, ninaliona limekaa pale, dogo, jeupe, limejikunyata, na ninastaajabu upya.

Unajua sisi wa huku juu tunavyolipima gari. Watu wa kwingine wakiona gari huuliza mwendo wake, huuliza limetengenezwa lini, huuliza rangi. Sisi swali letu ni moja: linabeba madumu mangapi? Ukipita na gari jipya Kitangari, kabla mtu hajakupa pongezi ameshachungulia nyuma kuona nafasi. Mimi mwenyewe, mwalimu niliyefundisha hesabu maisha yangu yote, sikuwahi kufikiri kwamba gari lina kazi nyingine. Gari ni maji. Ndivyo nilivyokua.

Nilizaliwa wakati maji yote yalikuwa bondeni. Mama yangu, bibi yako Rehema ambaye mwanao amepewa jina lake, alikuwa akiteremka genge pale Shimo la Mungu alfajiri, mimi nyuma yake na kibuyu changu, tunakwenda mpaka chini kwenye chemchemi, tunangoja zamu, kisha tunapanda. Wewe hukumjua vizuri bibi yako, na hilo nitalifikia. Alikuwa mwongeaji hasa. Harusini au msibani sauti yake ilifika kabla yake. Lakini akishajitwika ndoo akaugeukia mlima, hakutamka neno mpaka juu. Nilimsemesha njia nzima wala hakunijibu. Katikati ya mlima palikuwa na jiwe pana. Hapo alisimama, ndoo kichwani, hakuitua, macho mbele, kimya, kisha akaondoka tena taratibu. Siku moja tulipofika juu nikamuuliza kwa hasira kwa nini huwa hanijibu.

"Pumzi ninayo moja tu," akasema. "Nikikujibu wewe, maji yatafikaje nyumbani?"

Nilimwona mkali. Leo nikimkumbuka amesimama juu ya lile jiwe na maji ya watu wote wa nyumba yetu kichwani mwake, tumboni ana kipande cha muhogo wa jana, nasisimka mwili mzima.

Basi mtoto aliyekulia hivyo, siku alipoliona lori la kwanza la maji likipanda mlima, unadhani aliona nini? Tulilikimbilia nyuma tukiligusa mabati. Nikajiapiza kwamba nikiwa mkubwa nitakuwa na gari, na gari lenyewe litakuwa kubwa.

Likaja, nawe ulilikuta. Msimu mmoja korosho zilitukubali, baba yako akarudi na pikapu la mtumba, kubwa, gumu, lina ngurumo za kuamsha mtaa. Siku ile nilivaa kitenge cha Pasaka nikakaa mbele, tukazunguka mji bila safari yoyote. Watu wakahesabu madumu yaliyoenea nyuma, wakatupongeza kwa dhati kabisa. Tulikuwa watu wenye gari.

Kile ambacho hakuna aliyekihesabu ni kiasi cha mafuta lilichokula. Lilikula likipanda, likala likishuka, hata likisimama na kunguruma tu lilikuwa linakula. Kiangazi cha kwanza lilileta maji nyumbani na kwa jirani, tukatukuzwa. Kiangazi cha pili lilitoka kwa nadra. Baada ya hapo likaegeshwa pale karibu na jiko, kuku wakaanza kutagia kitini, na wewe ndiye ukawa dereva wake. Unakumbuka? Ulikuwa umeanza kusema vizuri, unashika usukani kwa mikono yote miwili na kuvuma kwa midomo. Nikipita na ungo nakuuliza, "Dereva, safari ya wapi leo?" Unajibu, "Nanganga, kwa bibi."

Kila siku ulikuwa unakwenda Nanganga.

Bibi yako alikuwa amehamia huko kwa mjomba wako, kwa sababu miguu ilikwisha kwa ule mlima na Nanganga maji yako karibu. Nanganga si mbali, Tumaini. Basi linakwenda. Mtu angeweza kuondoka hapa asubuhi akala chakula cha mchana na mama yake. Lakini sisi tulikuwa watu wenye gari! Tungeonekanaje tumesimama stendi na vikapu, na pikapu letu liko nyumbani? Baba yako akasema ngoja litengemae twende kwa heshima. Mimi nikaona sawa kabisa, wala usimtupie lawama yeye peke yake. Tulingoja litengemae. Likipona breki, mafuta hayapo. Mafuta yakipatikana, tairi. Bibi yako akawa anatuuliza kwenye simu, "Gari halijapona tu?" kama anauliza hali ya mgonjwa. Alikufa wewe unamjua kwa sauti. Siku ile tulikwenda kwa basi, na hakuna hata mtu mmoja aliyetutazama.

Ungedhani mtu aliyeonja hayo amejifunza. Sikujifunza kitu. Nilijifunza kwamba lile pikapu lilikuwa bovu, basi. Sikujifunza kwamba tulichagua vibaya.

Ndiyo maana mlipokuja wewe na Baba Rehema mkaniambia mnahamia Songea, na kwamba mnataka gari dogo lisilokula mafuta, nilikasirika. Nakiri nilikasirika. Nilikuwa nimeweka mchango wangu kidogo wa korosho kwa ajili yenu, nikaona nina haki ya kusema. Nikasema gari gani hilo, mtu anakunja magoti mpaka kidevuni? Nikasema na barabara zetu za mashambani mvua ikinyesha je? Nikasema, na hili nililisema kwa sauti ya chini Baba Rehema asisikie, mama mkwe na mkwe watakaaje ndani ya kibati kile, bega kwa bega, kama watu wanaonyang'anyana benchi? Wewe ukacheka mpaka mtoto akaamka. Nikasema sitakanyaga humo.

Lakini siku ya kwenda Masasi nilikanyaga basi pamoja nanyi, tena nimebeba madumu.

Bado unanicheka kwa hilo, nami nimeanza kucheka, ingawa siku ile nilikuwa nimekaza uso. Madumu manne ya manjano, matupu, nimeyafunga kamba, nikayapakia kwenye basi kutoka Newala mpaka Masasi ili nikapimie magari. Yule kijana muuzaji alinipa shikamoo, nikamwitikia marahaba, kisha akayatazama madumu, akanitazama mimi.

"Mama, watu wanakuja na fundi," akasema. "Wewe umekuja na madumu?"

"Fundi yuko na mwanangu," nikamwambia. "Fungua nyuma."

Nikapita gari moja moja. Wewe na fundi wenu mlikuwa mmeinama kwenye injini, mnasikiliza, mnachomoa kile kijiti cha kupimia oili, mnatazama tairi, mnauliza kama vipuri vyake vinapatikana Songea. Mimi natia madumu, natoa madumu. Lile kubwa la kijivu lilimeza yote manne na nafasi ikabaki. Nililipenda papo hapo. Lilikuwa na kifua kipana, limesimama juu, na nilijiona mimi ndani yake nikipita Kitangari. Muuzaji alipoliwasha likanguruma, na mimi moyo wangu ukanguruma nalo.

Hili dogo jeupe likachukua mawili. Tukasukuma, tukalaza, likaingia la tatu. La nne likagoma kabisa. Nikazunguka mlango wa nyuma, nikaona katikati ya kiti umekwisha kufunga kile kiti cha mtoto ulichotoka nacho nyumbani ili ukijaribishie. Nikakishika nikasema, "Hiki kikitolewa, la nne linaingia."

Ukainuka kutoka kwenye injini ukaja. Mikono ina oili. Hukukasirika. Ukaniambia polepole, "Mama, hapo ndipo anapokaa Rehema."

Nilisikia jina la mama yangu, Tumaini. Ulimtaja mwanao, najua, lakini mimi nilimsikia mama yangu, na mkono wangu ulikuwa umeshika kiti chake tayari kukitoa ili dumu lipate nafasi.

Nikakiachia. Lakini ubishi wangu unaujua, sikukubali kushindwa mbele ya muuzaji. Nikasema sawa, lakini lipande mlima na maji. Gari lisilopanda Newala na maji silitambui. Muuzaji akacheka, akasema, "Twendeni, nami nitakaa ndani niliangalie gari langu." Tukayajaza yale madumu matatu pale pale Masasi, maji mpaka shingoni, tukayalaza kwenye buti na vifuniko vyake nimevikaza kwa mikono yangu.

Ndipo lile suala la mkwe likaja. Wewe usukani, muuzaji pembeni yako, na nyuma sisi tuliobaki. Baba Rehema alisimama nje ya mlango kama mtu aliyeambiwa aingie kwenye maji ya baridi. Mimi nilikuwa nimeshakaa dirishani, nimejibana hadi nikaungana na mlango. Akaingia upande wa pili, magoti juu, uso dirishani, akanisalimia upya ingawa tulikuwa tumesalimiana asubuhi. Na katikati yetu Rehema kwenye kiti chake, ametanua mikono, mmoja amemshika baba yake kidole, mwingine amening'ang'ania mimi ushungi wa kanga. Akatusitiri sote wawili. Nikaona mtoto wa miezi mitano ana akili kuliko mila zote nilizokuwa nazihofia.

Tuliyoyaona njiani uliyaona, lakini wewe ulikuwa unatazama barabara. Sijui kama ulijua kilichokuwa kinanipata huko nyuma.

Tulipofika chini ya mlima nilishika mlango. Nilingoja lilie. Pikapu letu lilikuwa likifika hapo linalia, linatoa moshi, baba yako anainama mbele kana kwamba analisukuma kwa kifua. Hili halikulia. Lilibadilisha sauti kidogo, kama mtu anayekohoa kwa adabu, likaanza kupanda. Watu wazima wanne, mtoto, na maji madumu matatu. Kona ya kwanza, kona ya pili. Mikorosho ya bondeni ikaanza kushuka chini yetu, mabati ya nyumba yakawa madogo, na gari linapanda tu, halina haraka, halina kelele. Nikagundua kwamba hakuna anayesema ndani ya gari. Muuzaji alikuwa amenyamaza. Wewe umenyamaza. Na mimi, ambaye nilikuwa na maneno mengi tangu Masasi, nilikuwa nimebana pumzi, macho mbele. Nilikuwa nimekaa vile vile alivyokuwa akitembea mama yangu.

Rehema alikuwa amelala. Amepanda mlima ule amelala, na maji nyuma ya kichwa chake.

Kisha tukaingia mjini, tukakuta lori la korosho linarudi nyuma kuziba barabara, ukasimama, na gari likanyamaza ghafla. Kimya kabisa. Nikapiga kelele, "Limezima! Nilisema mimi! Nilisema!" Nakumbuka hata Baba Rehema alisahau heshima akageuka kunitazama.

Ukanijibu bila kugeuka. "Halijazima, Mama. Limepumzika. Likisimama linajinyamazia lisile mafuta bure. Ngoja nikiachia breki."

Lori likapita. Ukaachia breki, na likaamka lenyewe, likaondoka taratibu.

Sijui nikuelezeje. Nilikuwa mtu mzima, mstaafu, nina mjukuu, na nilishikwa na kicho kama siku ile nilipoliona lori la maji. Zaidi ya siku ile. Lori lilinishangaza kwa ukubwa wake. Hili lilinishangaza kwa kujua kunyamaza. Mtu fulani, mahali fulani ng'ambo, asiyeijua Newala wala Shimo la Mungu, amekaa akafikiri mpaka akatengeneza chuma kinachofanya alichokuwa akifanya mama yangu juu ya jiwe pana. Mama hakupoteza pumzi mahali asipokwenda. Na mimi miaka yote nilikuwa nimejifunza kutoka kwake uzito wa ndoo tu.

Nikakuomba twende mpaka Shimo la Mungu. Tukashuka, tukasimama ukingoni. Bonde lote liko wazi mpaka kule mto Ruvuma, na upepo wake ule. Nikakuonyesha njia aliyokuwa akipita, ingawa sasa majani yameifunika na mimi mwenyewe nilikuwa ninakisia. Muuzaji akaja na furaha zake kutuonyesha mshale wa mafuta. "Mama, njoo uone, hili linanusa tu, halili!" Nikaenda nikautazama ule mshale. Ulikuwa umesogea kidogo, kidogo mno. Nikarudi ukingoni nikatazama tena chini. Nikawaza: kupanda huku kulimla mama yangu miguu yote miwili.

Hapo ndipo nilipokuuliza, na hili ndilo ninalotaka ulikumbuke siku mkigombana huko kuhusu kuliuza na kununua kubwa zaidi, maana siku hiyo itafika, watu watawasema. Nilikuuliza, "Hivi kweli unalipenda hili? Au unalitaka kwa sababu ni rahisi?"

Ukamhamisha mtoto bega. Ukasema, "Mama, mimi sichagui gari la kupendwa. Nachagua gari ambalo nikikukumbuka naweza kulitia mafuta nikaja."

Ulilisema kama jambo la kawaida, ukaendelea kumpangusa mtoto mate. Mimi nilibaki pale nimeshikwa na upepo. Nilikuwa nimebishana na wewe wiki nzima nikitaka lile la kijivu, lenye kifua, ambalo lingebeba madumu yangu yote. Maji yangu, hapa kwangu. Na ninyi mnakwenda Songea! Lingekaa huko limeegeshwa kama letu lilivyokaa hapa, linangoja litengemae, linangoja mshahara, linangoja likizo ijayo, na Rehema angekuwa analiendesha kwa midomo. "Dereva, safari ya wapi leo?" Angejibu Newala, kwa bibi. Kila siku angekuwa anakuja, na asingefika.

Mimi ndiye niliyekuwa ninawachagulia hilo. Kwa upendo wote, mwanangu, tena kwa kujiona ninajua.

Nikamwendea Baba Rehema, nikasimama mbali naye kwa kadiri inavyostahili, nikamwambia, "Baba Rehema, chukueni hili." Akainamisha kichwa akasema, "Ahsante mama." Baadaye ulinisimulia kwamba mkiwa peke yenu aliruka juu kama mtoto. Natamani ningeliona hilo.

Sasa narudi kwenye jambo moja la mwisho, kisha nifunge, maana nasikia sauti yako kwa jirani unaaga kwa mara ya tatu, na mama wa pale hajakuachia.

Unakumbuka ulipokuwa na miaka kama saba tuliazima dumu kwa mama wa ng'ambo ya barabara, letu lilipopasuka? Jioni nikakutuma ulirudishe, ukalipeleka tupu. Yule mama hakulipokea. Hakukugombeza, alikurudisha nalo tu mpaka mlangoni kwangu, akasema, "Mwalimu, mtoto huyu bado hajafundishwa." Niliona aibu siku nzima. Nikakuonyesha, dumu la mtu ukiliazima unalirudisha na maji. Yakijaa, vizuri. Yakiwa nusu kwa sababu ni kiangazi, naye ataelewa. Lakini tupu hulirudishi, na kukaa nalo ndiyo mbaya zaidi, kwa maana mwenye dumu anangoja. Ulilia, lakini toka siku hiyo hukukosea tena. Ulikuwa ukivuka barabara na dumu la watu limekuelemea mguu mmoja, maji yanachuruzika, na uso umekaza kama wa bibi yako.

Mlipotoka kwenda kuaga nilifungua buti. Mmepanga vizuri. Godoro la mtoto, masufuria, gunia la makopa ya muhogo nililowapa, begi zenu, ule mfuko wa korosho wa kumpelekea mwenye nyumba. Hapakuwa na nafasi ya hata chungwa. Nikatoa masufuria mawili. Ninayo hapa, msiyatafute, Songea yapo masufuria. Mahali pake nimeweka dumu. Ni lile la manjano ambalo nimelitia alama ya herufi yangu kwa msumari wa moto, moja ya yale yaliyokwenda kupimia magari Masasi. Ni tupu, halitawaongezea uzito.

Huko mnakokwenda mtafungulia bomba, najua. Hamna haja nalo. Baba Rehema atalikuta akipakua mizigo atasema bibi kasahau dumu lake. Mwambie sikusahau. Mwambie pia si zawadi, nisije nikasikia limekatwa likatengenezwa beseni la kuogeshea mtoto.

Nimewaazima.

Mimi mama yako, mwenye dumu.